Binti yangu ni refa wa ligi ya watoto na wazazi wanamtukana. Nifanyeje?

FundiCherehani (Mwanjelwa)

Wakuu habari za jioni. Mnivumilie, ni ndefu kidogo, na naandika kwa simu huku mteja anangojea suruali yake.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Binti yangu wa kwanza kamaliza kidato cha nne, akasoma kozi ya awali ya uamuzi wa mpira, na sasa Jumamosi asubuhi anachezesha mechi za watoto wa chini ya miaka 13 upande wa Uyole. Uwanja sitautaja wala timu, nia yangu siyo kumchafua mtu. Ni ligi ndogo tu ambayo makocha wenyewe wameianzisha. Nusu saa kila kipindi, mpira namba nne, bingwa anapata seti ya jezi na mbuzi.

Sheria zile alizisoma nyumbani kwa sauti. Mimi nashona, yeye kakaa kwenye kigoda ananisomea, zote 17, mpaka mama yake naye anajua adhabu ya kipa anayedaka mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu. Kwa hiyo nikisema alikuwa sahihi sisemi hivyo kwa sababu ni mwanangu.

Aliniwekea sharti: nikienda uwanjani, mtu asijue kwamba mimi ni baba yake. Nikakubali. Jumamosi iliyopita nikakaa kwenye tofali upande wa wazazi, kofia nimeishusha. Baridi ya Uyole mnaijua, ukungu ulikuwa haujainuka, goli la juu unaliona kwa tabu. Wazazi wamejaa mpaka kwenye mstari. Sisemi karibu na mstari, nasema juu yake. Mtoto anayerusha mpira inabidi aombe njia kwanza.

Dakika za mwisho, moja moja. Timu ya njano inarusha mpira karibu na kona. Mtoto wao mmoja kasimama peke yake nyuma ya mabeki wote, jirani na kipa. Karushiwa, kageuka, kafunga. Binti akaonyesha kati. Hapo ndipo pakachafuka. "Kaotea! Kaotea huyo! Refa kipofu!" Mpira wa kurusha, wakuu! Sheria ya 11 iko wazi, ukipokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye kurusha, kona au goli kiki, hakuna kuotea. Hiyo nilikuwa naijua kwa moyo kutokana na kushona sketi za shule tu.

Baba mmoja mwenye koti la jinzi akaingia uwanjani, akaenda mpaka kwa binti, akaishika kamba ya kipenga shingoni mwake. Anaivuta taratibu huku anauliza, "Wamekupa ngapi? Sema, wamekupa ngapi?" Mwingine nyuma yake anatoa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, ya mwili wa msichana, mbele ya watoto wa miaka kumi na miwili. Kipa aliyefungwa ni mtoto wa huyo mwenye koti. Alikuwa amevaa glovu za sufu, zile za kuendeshea pikipiki wakati wa baridi. Akajifunika uso nazo zote mbili, na sidhani kama lilikuwa ni lile goli.

Mama mmoja mtu mzima aliyekaa pembeni yangu na chupa yake ya chai akanigeukia. "Hako karefa sijui kamezaliwa na nani." Nikamjibu, sijui mama.

Binti hakulia. Alirudi nyuma hatua moja, kamba ikamponyoka yule baba, akatazama saa, akaamuru mpira uanze kati. Kocha wa timu iliyofungwa alikuja kumtoa mzazi wake, lakini alikuja pole pole, anacheka, kama anayemtoa shemeji aliyelewa harusini. Mechi ikaisha mbili moja.

Mama yake anataka aache. Mimi nimekwama katikati. Je, nimwambie apumzike mpaka akue kidogo? Au Jumamosi ijayo niende nijitambulishe kwa wale wazazi, tuongee kiume? Na hivi, kwa mujibu wa sheria, refa ana uwezo gani juu ya mzazi? Maana mzazi hana namba mgongoni ya kuandikwa kwenye kadi.

Nawasilisha.

Mnazi_wa_Sokoine

Pole sana fundi. Ila na wewe mkuu, "sijui mama"? Mimi hapo ningesimama na mkasi mkononi.

Nikuambie ukweli, mpira wa watoto siku hizi umeingiliwa na mambo ya ndondo, zile mechi za mtaani. Watu wanawekeana dau pembeni. Usishangae yule mwenye koti aliweka kreti ya soda na mwenzake, ndiyo maana anauliza wamekupa ngapi, hesabu iko kichwani kwake. Mtoe binti huko. Mpeleke netiboli, kule kina mama wana staha.

MamaPacha_Tukuyu

Netiboli ipi yenye staha? Kaka, umewahi kusimama pembeni ya netiboli ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, wewe, au unaongea tu? Mimi ni mwalimu wa michezo shule ya msingi. Nimeshuhudia mama mzima kavua kiatu anamfuata mwamuzi kwa sababu ya kosa la hatua. Staha haiko kwenye aina ya mchezo.

Fundi, asiache. Jonesia Rukyaa alichezesha Simba na Yanga Februari 2016, uwanja umefurika, na wanaume wale wale wanaosema mwanamke hawezi walikuwa wamelipa kiingilio kwenda kumtazama. Salima Mukansanga wa Rwanda alikuwa refa wa kati kwenye AFCON ya wanaume Januari 2022. Hakuna refa anayeanzia juu.

Nitarudi kueleza tulivyofanya sisi huku, sasa hivi niko darasani.

Mzee_wa_Kipenga (Iringa)

Kamwene wote. Nimepuliza filimbi miaka mingi, kuanzia uwanja wa Samora hadi viwanja vya Kilolo ambako goli ni miti miwili na kamba. Sasa magoti yamekataa, nimebaki kufundisha vijana. Fundi, nimekusoma mara mbili. Nakujibu lile swali la sheria kwanza, mengine yatafuata.

Refa hana kadi ya mtazamaji. Asijaribu kumwonyesha mzazi kadi, watamcheka na hatakuwa na la kufanya baada ya hapo. Alichonacho ni mchezo wenyewe. Sheria ya 5 inampa mamlaka ya kuusimamisha, kuusitisha kwa muda au kuuvunja pale watu wa nje wanapouingilia. Hiyo ndiyo silaha yake na vijana wengi hawaitumii, wanaona aibu, wanadhani kusimamisha mechi ni kushindwa kazi.

Namna ya kuitumia: mpira ukitoka nje, asiuruhusu kuanza. Awaite makocha wote wawili kati ya uwanja, mbali na kelele, aseme kwa sauti ya kawaida, "Mzazi yule mwenye koti la jinzi asogee nyuma ya miti. Asiposogea hatuendelei." Basi, asiongeze neno. Asimfuate mzazi yeye mwenyewe, hiyo ni kazi ya kocha na mwenye mashindano. Watoto wakae chini kwenye duara la kati, wanywe maji. Mtashangaa. Mzazi anayepuuza refa hapuuzi wazazi wenzake ishirini wanaomtazama kwa sababu mechi ya watoto wao imesimama kwa ajili yake. Ikishindikana, wanaingia pembeni dakika kadhaa. Ikishindikana tena, anavunja mechi na kuandika ripoti siku hiyo hiyo, maneno kama yalivyotamkwa, hata yale mabaya, bila kuyapamba na bila kuyaficha. Ripoti inayosema "alitoa lugha isiyofaa" haimsaidii mtu.

Kwa kocha, kadi anayo. Tangu msimu wa 2019/20 sheria zinaruhusu kumwonyesha njano au nyekundu mtu wa benchi. Huyo kocha wenu aliyekuja anacheka ndiye wa kuanza naye. Mzazi anafanya fujo kwa kipimo anachowekewa na kocha. Nimeona timu ambazo kocha akigeuza shingo tu kuwatazama wazazi, wanakaa. Na nimeona timu ambazo kocha mwenyewe ndiye anayewasha moto, kisha anageuka mpatanishi.

Na lile goli limekwisha. Uamuzi wa refa juu ya tukio la mchezo ni wa mwisho, hata waitishe mkutano wa ukoo. Asionyeshwe video ya simu na asikubali kuitazama.

Sasa naomba unijibu kitu kimoja fundi, maana hapo nadhani ndipo ugonjwa ulipo. Binti analipwa na nani, na analipwa wapi?

FundiCherehani (Mwanjelwa)

Shikamoo mzee. Kila timu inatoa nusu. Kocha wa nyumbani anamkabidhi hela uwanjani kabla ya mechi kuanza, yule mwingine anampa mapumziko au mwisho. Siyo hela ya maana, inaishia kwenye bajaji na chakula cha mchana.

Mzee_wa_Kipenga (Iringa)

Marahaba. Basi umeniambia yote.

Jiweke wewe ndiyo mzazi. Umefika uwanjani saa mbili asubuhi, unamwona kocha wa timu pinzani anamvuta refa pembeni, anaingiza mkono mfukoni, anampa noti, refa anaziweka kwenye soksi. Hujui kwamba ni posho halali na kocha wako naye atatoa nusu yake baadaye. Saa moja mbele mwanao anafungwa goli usilolielewa. Unauliza nini? Unauliza "wamekupa ngapi". Yule baba hakulitoa swali lile hewani, aliliona kwa macho.

Sisemi kuwa alikuwa na haki ya kushika kamba. Hiyo haina msamaha na nitaigusa. Ila ninyi waandaaji mnamvisha binti tuhuma kabla hajapuliza filimbi. Hela zote zikusanywe kabla ya Jumamosi kwa mtu mmoja asiye kocha, naye amtumie refa kwenye simu. Uwanjani kusionekane hata shilingi. Refa asinywe chai ya benchi lolote, asipande pikipiki ya mzazi yeyote, asiazime filimbi ya kocha. Mambo madogo haya yanapunguza nusu ya matusi bila hotuba.

La pili, muda. Huku kwetu msimu wa ulanzi, kuanzia mvua zinapokolea, mechi ya watoto hatuipangi mchana. Ikifika saa tisa watu wametoka kilabuni, kila mmoja kocha. Sijawahi kuona mtu kashikwa shati asubuhi huko vijijini. Ninyi mnacheza asubuhi na bado fujo, ina maana yenu haitoki kwenye pombe, inatoka kwenye hela na kutokujua sheria. Hiyo ni nafuu, inatibika.

La tatu ni lako wewe. Usijitambulishe. Ukisimama tu ukasema "huyo ni mwanangu", kuanzia siku hiyo kila penati atakayotoa itakuwa penati ya fundi. Wapo watakaokuletea suruali kushona ili waongee habari za mechi ya Jumamosi. Kaa upande wa pili wa uwanja, mbali na wazazi, usikie kidogo. Kazi yako ianze filimbi ya mwisho ikilia: mtu wa kuondoka naye awepo, asitoke uwanjani peke yake.

Baba_Straika (Mbalizi)

Naona wote mmetukalia kooni sisi wazazi. Ngoja na mimi niseme, na mnitukane mkitaka.

Mimi napiga kelele. Napiga kelele kila wiki na sitaacha. Mwanangu yuko akademi, nalipa ada, nimenunua viatu, nimempandisha daladala mpaka mjini. Kila baba aliyesimama pale anamwona Samatta ndani ya mwanawe, hilo halina ubishi, na ukimwambia kwamba wanaofika huko ni wachache anakwambia basi wangu ni mmoja wa hao wachache.

Na msijifanye hakuna sababu. Mnataja matusi ya wazazi, mbona hamtaji vijeba? Unaambiwa U-13, unaona dogo ana ndevu amenyoa jana usiku. Cheti cha kuzaliwa kimeletwa kinang'aa, kimetoka juzi. Mwanangu wa miaka kumi na mbili kagongwa na mtu mzima, kaenda juu, kaanguka na bega, refa anasema ni mpira. Nikae kimya? Nani mwingine atamsemea? Kocha anamwogopa mwenye mashindano, mwenye mashindano ndiye aliyemleta kijeba.

Ila kumshika refa, hapana. Na maneno ya mwili wa binti, hapana kabisa. Hapo fundi niko na wewe. Mtu kama huyo hata sisi wapiga kelele tunamtoa wenyewe.

MamaPacha_Tukuyu

Baba Straika, asante kwa kusema kweli. Kijeba anakaguliwa kabla ya mechi, mezani, wewe ukiwa na kocha wako, kwa rekodi za shule anakosoma. Ukishasaini orodha, refa kijana hawezi kumpima mtu umri kwa macho dakika ya arobaini. Unamdai yeye deni la mwenye mashindano.

Sasa nieleze tulivyofanya huku. Huku Tukuyu wazee bado wanahadithia ubingwa wa Tukuyu Stars wa 1986, kwa hiyo kila babu aliyesimama pembeni ni kocha mstaafu, msidhani tulianza kwa urahisi.

Kwanza kamba. Kamba ya katani ya kawaida ya dukani, na vigingi, hatua kama nne kutoka kwenye mstari. Wazazi wote upande mmoja, timu na makocha upande wa pili. Mzazi hawezi tena kumfundisha mwanae kupiga krosi huku kocha anamwambia arudi nyuma. Watoto walianza kucheza vizuri zaidi wiki hiyo hiyo, nadhani kwa sababu walikuwa wanasikia sauti moja tu.

Kingine, kabla ya mechi refa anawafuata wazazi pale kwenye kamba. Anawasalimia. Anawaambia mambo matatu ambayo huwa yanaleta ugomvi: kurusha hakuna kuotea, mpira kugusa mkono siyo kila mara ni kosa, na kwa umri huu aliyetoka anaweza kurudi kama mashindano yanaruhusu. Anamaliza, anaenda. Kwenye kelele za kipindi cha pili utasikia mama mmoja anamwambia mwenzie, "Si alisema kurusha hakuna?" Huyo mama anafanya kazi kubwa kuliko polisi.

Na mwenye kelele kuliko wote tunampa kibendera. Siyo cha kuotea, cha mpira kutoka nje tu. Akishashika kibendera anatazama mstari, hana nafasi ya kumtazama refa. Baba mmoja hapa alikuwa tishio, leo ukichelewa kumpa kibendera chake anauliza kiko wapi.

Mzee_wa_Kipenga (Iringa)

Mwalimu, kamba na salamu nakubaliana navyo asilimia mia. Kibendera nakubali, ila msimchague mtu na kumwacha bila ulinzi.

Desemba 2012 huko Almere, Uholanzi, baba mmoja alijitolea kushika kibendera kwenye mechi ya timu ya mwanawe. Mechi ilipoisha vijana wa timu pinzani walimpiga mateke, akafa kesho yake. Chama cha mpira cha kule kilifuta mechi za ridhaa za wikiendi iliyofuata. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani vijana kadhaa pamoja na baba wa mmoja wao, na yule baba alipewa miaka sita jela. Nchi yenye viwanja vya nyasi, vyumba vya kuvalia na sheria zote. Tena aliyekufa alikuwa mzazi mwenzao.

Sisemi hayo kumtisha fundi. Nasema kwa sababu watu huku husikia "mzazi kamshika refa kamba" wakacheka, wakaona ni vituko vya mpira. Mkono ukigusa mwili wa refa, mechi imeisha hapo hapo. Binti aliendelea na mechi, ana moyo, namheshimu. Lakini ukimsomea haya mwambie mzee wa Iringa kasema: siku nyingine aondoke na mpira mkononi.

Mnazi_wa_Sokoine

Nimefuta utani wangu wa mkasi kichwani.

Mnajua kitu? Sisi kizazi cha Mbeya City msimu ule wa 2013/14, timu imepanda juzi inamaliza ya tatu, tulijifunza kushangilia pale uwanja wa Sokoine. Unamtukana refa kutoka jukwaani, yuko mbali, kuna uzio, kuna watu maelfu, hasikii hata neno lako moja, na wewe unajua hasikii. Ni kelele tu. Sasa tuna watoto, tumezibeba kelele zile zile kwenda kwenye uwanja wa shule ambako refa yuko hatua mbili. Anasikia kila neno, na mwanao anasikia.

Wakili_wa_Kijiweni

Kwa ufupi kuhusu sheria za nchi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16: kifungu cha 89 kinagusa lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani, kifungu cha 240 ni shambulio la kawaida, na yale maneno ya mwili wa msichana yanaweza kuangukia kifungu cha 138D, unyanyasaji wa kijinsia, ambacho kinahusu maneno pia, siyo vitendo tu. Uwanja wa mpira siyo nchi nyingine. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, nendeni hapo. Nani alikuwepo, nani alisikia, andikeni majina ya mashahidi mapema kabla watu hawajaanza "mimi nilikuwa natazama upande ule".

Kama hamtaki kufika huko, anzeni kwa mtendaji wa kata na barua. Ila barua iandikwe na waandaaji, siyo na baba wa refa.

Baba_Straika (Mbalizi)

Huyo wa maneno machafu mpelekeni. Wa kamba, mkalisheni kikao kwanza, pengine ni mtu mwema aliyepandwa na hasira. Mtoto wake kajifunika uso, hiyo adhabu tayari anayo nyumbani.

FundiCherehani (Mwanjelwa)

Wakuu, asanteni. Nimesoma yote, na nimemsomea binti, yeye safari hii amekaa kimya mimi nasoma.

Kuhusu kuacha, ameniuliza swali la kihuni: "Baba, mteja akikutukana kwa sababu suruali imembana, unauza cherehani?" Nikamwambia wateja hawanishiki shingo. Akasema ndiyo maana mzee wa Iringa kasema aondoke na mpira. Mama yake bado hajakubali, ila amehamia kwenye masharti, na mnaojua wake zetu mnajua hiyo ni hatua.

Amekataa jambo la polisi kwa sasa. Ripoti ameiandika, kurasa mbili kwa mkono, maneno yote yamo, na mimi nilipoyafikia nikaiweka chini. Kaipeleka kwa waandaaji jana. Nilidhani wataizima, lakini mmoja wao alipiga simu usiku akasema yule wa maneno hataruhusiwa uwanjani mpaka msimu uishe, na yule mwenye koti ataitwa kikao na kocha wake. Kama watatekeleza sijui, wameahidi. Jina la mashahidi tayari ninalo moja, na mtashangaa: yule mama wa chupa ya chai. Alimfuata binti mwenyewe sokoni akamwambia yuko tayari kusema alichosikia. Bado hajui mimi ni nani.

Hela ya refa kuanzia wiki hii inatumwa Ijumaa kwenye simu. Hilo wamelikubali bila ubishi, hata makocha walikuwa wanachoka kutafuta chenji.

Mimi nimepangiwa kukaa upande wa pili, nyuma ya goli la chini, na nimekatazwa kuleta uji.

Mwalimu wa Tukuyu, nisaidie moja. Kamba nimeambiwa ninunue mimi, nao watarudisha hela. Ninunue mita ngapi? Na vigingi, mti gani? Hapa Uyole udongo ni laini, mvua ikinyesha kila kitu kinalala.

MamaPacha_Tukuyu

Kama mnatumia uwanja mkubwa wa shule, pima upande mmoja kwa hatua kisha ongeza kidogo kila mwisho, kwa sababu kamba ikiishia sawa na kona wazazi wote watahamia kwenye kona. Sisi tunanunua mita 120 na inabaki. Vigingi tumia mianzi iliyokauka, uchonge ncha, mmoja kila hatua tano, uuzamishe kabla ya saa mbili. Usifunge kamba kwenye nguzo ya goli. Sisi tulifunga, ukaja upepo.

Na fungeni vitambaa vya rangi kwenye kamba, watoto wanakimbia bila kuangalia. Wewe fundi vipande huwezi kukosa.